Karatasi Niliyoipunga Bungeni

Kabla ya kuitwa mheshimiwa nilifundisha darasa la tatu kwa miaka mingi, na kazi ile ilinionyesha kwamba mimi ni mwoga. Mtoto mtundu namkemea hadi ananyamaza, lakini mkaguzi akiingia mlangoni, naanza kufuta ubao usio na kitu. Watu wa Mji wa Kale hawalijui hilo. Wananiona na buibui langu na mkoba mweusi nikielekea kikaoni, wanaambiana, "Mheshimiwa yule ni mkali." Ukali wangu wote ni woga uliovaa vizuri.

Katika bunge letu dogo la kaunti niliingia kwa kuteuliwa, si kwa kura. Mwaka mzima wa kwanza sikusema neno zaidi ya "naunga mkono". Wenzangu waliongea, mimi nikaunga mkono. Baadaye niliwekwa katika kamati ya afya, labda kwa sababu hakuna mwingine aliyeitaka, nikaanza kuzunguka vituo vya afya nikiwa na daftari. Huko ndiko nilikoanza kusikia habari za uhaba wa mitungi ya oksijeni.

Kuna muuguzi mmoja ambaye mji mzima unamwita Sista. Ni Mkristo, mtu wa vijiji vya nyuma ya Mazeras, anakaa Tononoka katika vyumba viwili pamoja na mama yake na binti zake wawili wanaosoma. Kituo anachofanyia kazi sitakitaja. Mji wa Kale unamjua si kwa sindano bali kwa mwandiko. Kwetu kadi za harusi hupelekwa nyumba kwa nyumba, na jina lililo juu ya bahasha sharti liandikwe kwa mkono. Ukipelekewa bahasha yenye jina la kupigwa chapa unajiona umealikwa na mashine, na wako wasiokwenda kwa sababu hiyo tu. Kwa miaka sijui mingapi, kuanzia mtaa wa Kuze hadi wa Kibokoni, mkono wa bahasha hizo ni wa Sista. Wenye harusi humpelekea boksi la bahasha na orodha ya majina, naye siku ya mapumziko huketi na kalamu yake ya wino mweusi. Herufi zake zimelala kidogo upande wa kulia. Mkia wa y yake hauishii chini kama wa watu wengine, unarudi nyuma ukapita chini ya neno zima. Nimesahihisha madaftari maisha yangu yote na sijaona mwandiko kama ule.

Siku nilipofika kituoni kwake na daftari langu, nilimuuliza kuhusu mitungi. Aliutazama ukuta. Palikuwa na tangazo limebandikwa, linalowaonya wafanyakazi wasitoe habari za kituo kwa mtu wa nje.

"Mwalimu," akaniambia, kwani hajawahi kuniita mheshimiwa, "hapa hatusemi."

Baada ya siku chache alikuja nyumbani kuleta bahasha za harusi ya mpwa wangu. Chini kabisa ya boksi palikuwa na karatasi moja iliyokunjwa mara mbili. Alikuwa ameandika zamu zake katika wodi ya watoto, siku baada ya siku: mtungi mmoja waliokuwa nao ulitoka kitanda gani kwenda kitanda gani, na nani aliyeamua. Hakutaja jina la mtoto yeyote wala lake mwenyewe. Mstari mmoja ulisema: "Leo mama wawili wameketi kitanda kimoja na watoto wao, wakapokezana barakoa. Wameamua wenyewe nani aanze."

"Soma, kisha uchane," Sista alisema.

Nikamuahidi, na sikuchana. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini, na jibu langu ni la aibu. Ningeweza kuyanakili yale maneno kwa mkono wangu kwa dakika kumi. Lakini mwalimu hachani kazi nzuri. Niliiweka karatasi mkobani kwa sababu ilikuwa inapendeza kuitazama.

Wiki ile tulikuwa na mjadala wa makadirio ya matumizi. Kifungu cha afya kilikuwa kimepunguzwa, na sehemu iliyokusudiwa mitungi ilihamishiwa ukuta na lango jipya la ofisi. Nilikuwa nimeandika pendekezo la kuirudisha. Mwenyekiti wa kamati ya bajeti, aliyeupanga ule ukuta, ni mtu wa Mji wa Kale kama mimi. Baina ya nyumba yake na yetu ni mitaa miwili. Ni mcheshi, hakosi kuniuliza hali ya mama, na Ijumaa hutuletea halua. Simsemi kwa ubaya. Nasema tu kwamba nilikuwa namwogopa, na bado namwogopa.

Spika aliponiita nilisimama, taa nyekundu ya kipaza sauti ikawaka mbele yangu. Nilianza na salamu, nikapotea, nikarudia salamu. Nyuma mtu akacheka. Hapo ndipo nikaitoa karatasi ya Sista na kuusoma ule mstari wa mama wawili.

Ukumbi ukanyamaza. Aliyekuwa anachezea simu akaiweka chini. Sijawahi kunyamaziwa hivyo na watu wazima, na kimya kile kilinipanda kichwani. Nikaipunga ile karatasi juu, huku na huku, nikasema, "Ninayo hapa, waheshimiwa. Imeandikwa."

Mwenyekiti akasimama taratibu. "Hoja ya nidhamu, Mheshimiwa Spika. Mwenzangu ametoa tuhuma nzito, na nasikia ana hati. Kanuni zetu zinajulikana. Basi iwekwe mezani, sote tuione."

Spika alikubaliana naye. Akanipa hadi kesho yake, saa nane u nusu alasiri: ama niiweke mezani ile karatasi niliyoisoma, hiyohiyo na si nyingine, ama niyaondoe maneno yangu na kuomba radhi. Kwa asiyejua mambo yetu, kitu kikishawekwa mezani huwa ni mali ya bunge. Karani hukipiga muhuri, nakala hutolewa, na yeyote mwenye haki ya kuomba nakala huomba akapewa.

Nilitoka pale karibu nina furaha. Nilijiambia karatasi haina jina. Kesho nitaiweka mezani, nitakaa kitini, na mitungi itarudi.

Nyumbani nilimkuta mama ameketi barazani ndani na sahani ya kaimati za sukari. Macho yake yana ukungu na miwani haitaki, asema yamzeesha. Niliitoa karatasi mkobani nikaiweka juu ya meza, nikaenda kuvua buibui. Niliporudi nilimkuta ameinama juu yake, uso karibu uguse meza.

"Arusi ya nani hini?" akauliza.

"Hiyo si kadi, mama."

"Si kadi vipi? Si mkono wa Sista? Mimi sioni maneno, lakini mkono wauona hata kipofu."

Nilikwenda kwenye kabati la vioo ambamo mama huweka kila kadi aliyopata, nikaitoa ya binti mkubwa wa mwenyekiti, aliyeolewa muda si mrefu kabla ya hapo. Nikailaza bahasha ubavuni mwa karatasi. Mkia wa y ulikuwa uleule, unarudi nyuma, unapita chini ya neno zima. Nikaanza kuwapitisha kichwani wenzangu wote wa kisiwani, mmoja mmoja, kutoka kiti cha kwanza hadi cha mwisho, na karani, na sajini anayebeba siwa, lile rungu la bunge. Sikumpata hata mmoja ambaye hakuwa na bahasha kama ile nyumbani kwake. Nami nilikuwa nimeipunga mbele yao wote.

"Kula," mama akasema akinisogezea sahani. "Mbona huketi?"

Nilisali alasiri bila kujua nasoma nini, nikatoka kwenda Tononoka kwa miguu. Njiani, Makadara palikuwa na watu tele, na kila aliyenisalimia nilimwona anajua. Muuza mihogo aliniita, "Mheshimiwa, leo umesema!" Kipande cha hotuba yangu kilikuwa kimeshaanza kuzunguka katika simu. Nikamshukuru, nikaongeza mwendo. Nilimfikiria mkuu wa kituo akikitazama kipande hicho na kukisimamisha pale mkono wangu uliponyanyuka.

Sista alikuwa ndio kwanza ametoka zamu. Alinifungulia akiwa na sare, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi.

"Karibu, Mwalimu."

"Starehe, keti wewe," nikasema, lakini hakuketi. Alikuwa ameshausoma uso wangu.

Nilimwambia yote nikiwa nimesimama mlangoni: sikuchana, nilipunga, nimeamriwa kuiweka mezani. Sikumficha kitu siku hiyo. Meza yake ilikuwa na boksi la bahasha za mtu mwingine, nusu zimeandikwa, zimepangwa zikauke.

"Nilikwambia uchane," akasema. Hakupaza sauti. Afadhali angepaza.

"Naweza kuinakili kwa mkono wangu, nikaweka hiyo."

"Na Spika akikuuliza kama ndiyo uliyoisoma?"

Nimewachapa watoto kwa uongo mdogo kuliko huo.

Akaketi, akavua kiatu cha pili. "Nina barua ya onyo tayari, Mwalimu. Nilisema neno kwenye mkutano, si kwa mtu wa nje, ndani kwa ndani, na bado nikaandikiwa. Ukiiweka ile karatasi, kesho kutwa niko Mazeras napanda mihogo, na hawa wasichana ni juu ya nani?" Aliitazama mikono yake, akaigeuza viganja juu. "Na mkono siwezi kuukana. Kila nyumba unao."

Nikamwambia haitafika mezani. Hakuniuliza nitafanya nini badala yake, kwa sababu alijua kulikuwa kumebaki njia moja tu. Mama yake, mle katika chumba cha ndani, alikuwa anamsomea mjukuu Biblia kwa sauti ya chini, na niliwaonea haya wote waliokuwa ndani ya nyumba ile.

Kesho yake, saa nane u nusu, niliitwa. Nilikuwa nimekariri sentensi moja. "Mheshimiwa Spika, nayaondoa maneno yangu na naomba radhi."

Mwenyekiti akasimama tena, kwa adabu. "Ili kumbukumbu ziwe sawa, Mheshimiwa Spika. Anaondoa maneno yote? Pamoja na wale mama wawili?"

Spika akanitazama. Nikasema, "Pamoja na hao."

Hivyo ndivyo ilivyoandikwa katika kumbukumbu za bunge, na yeyote anaweza kwenda kuzisoma: mama wawili hawakuwapo, na hawakupokezana kitu. Pendekezo langu lilianguka bila hata kura kuhesabiwa, sauti tu za ndiyo na siyo. Niliingia chooni nikaichana karatasi vipande vidogo, machozi yakinitoka. Nilikuwa nimetimiza ahadi nikiwa nimechelewa siku moja.

Nilipotoka mwenyekiti alikuwa kwenye kibaraza akisubiri gari lake.

"Mama hajambo?"

"Hajambo, alhamdulillahi."

"Nisalimie." Akatengeneza kofia yake, akashusha sauti. "Ule mwandiko, mashallah. Nimeutambua tangu ulipounyanyua. Binti yangu wa pili yuwaolewa baada ya mfungo. Hebu mwambie Sista ajiweke tayari. Sitaki mkono wa mtu mwengine."

Akatabasamu, akaingia garini. Mimi nikabaki pale nimeshika nguzo. Nimeyageuza maneno yale kila upande. Pengine alikuwa ananihakikishia kwamba hatamdhuru Sista. Pengine alikuwa ananionyesha kamba aliyoishika. Au alikuwa baba mwenye harusi anayetaka bahasha nzuri. Sijui. Ninachojua ni kwamba nilikuwa nimewafuta wale mama wawili ili kuficha kitu ambacho kilikuwa kimeshaonekana, na kwamba tangu jana yake, alipokuwa anadai karatasi iwekwe mezani, alikuwa anajua ni ya nani.

Sista nilimwambia siri yetu iko salama. Ndivyo nilivyosema, kwa simu, kwa sauti ya mwalimu. Alishukuru sana, akaniombea baraka.

Miezi iliyofuata sikukaa raha. Simu ikilia nilidhani ni yeye anaarifu amefukuzwa. Ukaingia mfungo, ukatoka. Siku moja mtu akabisha na bahasha, na juu yake palikuwa na jina la mama na langu, na ule mkia unaopita chini ya neno zima. Mama akaipokea kwa furaha. "Hini ni kadi?" akauliza kunichokoza. Nikamwambia hii ni kadi. Akaiweka kabatini. Mimi nilikuwa namwona Sista katika siku yake ya mapumziko, ameinama mezani anamwandikia mtu yule bahasha moja baada ya nyingine, ametulia, kwa sababu mimi nilimwambia atulie. Harusini sikwenda. Nilisema nina homa, na ilikuwa karibu kweli.

Sasa mwaka umezunguka na makadirio yamerudi. Ukuta umekwisha, lango limepakwa rangi. Juzi, saa nne asubuhi, Sista alikuja nyumbani bila kupiga simu. Alisalimiana na mama, akaketi, akanipa karatasi iliyokunjwa mara mbili.

Niliifungua. Herufi zilikuwa kubwa, zimepinda, nyingine zimeangukia nje ya mstari. Mama akaisogelea kwa desturi yake, pua karibu iguse karatasi.

"Mtoto gani kaandika haya?" akasema. "Mpeleke madrasa."

Sista akacheka. "Nimeandika kwa mkono wa kushoto, Mwalimu. Nimejifunza tangu mwaka jana, kila siku mistari kidogo. Sasa wewe hata ukiipunga, haijulikani." Alionekana ana fahari, na alinitazama kama watoto wa darasa la tatu wanaosubiri alama.

Mtungi bado ni mmoja. Aliandika hivyo katika mstari wa kwanza, kwa zile herufi za taabu, na chini yake siku na vitanda.

Sikuweza kumpa alama. Nikamwambia kuhusu kibaraza, na kofia, na binti wa pili, neno kwa neno. Nilimwambia kwamba mwenyekiti alijua tangu siku ile ya kwanza, na kwamba mimi nilijua kuwa anajua, nikamwambia yeye siri iko salama kwa sababu niliogopa uso wake. Mama aliacha kutafuna.

"Na bahasha za binti yake nimeziandika mimi," Sista akasema.

"Ndiyo."

"Hata ya mwenyekiti mwenyewe. Alitaka moja ya ukumbusho. Alikuja Tononoka kuichukua, akamsalimu mama yangu, akaniuliza kazi inaendaje." Akasugua mkono wa kushoto kwa wa kulia. "Mwaka mzima nimejiharibia mwandiko bure."

Nilitaka kuomba radhi lakini neno lile nililitumia bungeni nikalichakaza. Yeye akafungua mkoba wake, akatoa kalamu ya wino mweusi, akamwomba mama karatasi. Mama akampa moja kutoka daftari langu la zamani la masomo. Sista akaisogeza sahani ya kaimati kando, akaiweka ile ya mkono wa kushoto mbele yake, na akaanza kuinakili kwa mkono wa kulia. Aliandika polepole, kama anavyoandika majina ya wageni. Mama wawili wa mwaka jana aliwarudisha pia, juu kabisa, kabla ya haya ya mwaka huu. Chini aliandika jina lake lote na namba yake ya kazi, akapiga sahihi, akaipepea ikauke.

"Sista," nikasema, "wasichana je?"

"Usiniulize, Mwalimu. Nikifikiri nitaichana." Akanikabidhi karatasi kwa mikono miwili. "Safari hii usiipunge. Iweke mezani tu."

Kikao ni kesho, saa nane u nusu. Karatasi iko mkobani, na tangu juzi nimeufungua mkoba mara nyingi kuona kama bado ipo.